Mwaka Niliomtafsiria Deo

Kjell, bosi wangu, aliponiuliza kama ningeweza kumtafsiria Deo, msaidizi wangu, kwenye mkutano wa Jumanne, nilipaswa kukataa. Alinikuta kwenye korido ya ghorofa ya chini, kule Norsborg, pembezoni mwa Stockholm, kati ya masinki ya zamani tuliyokuwa tumeyang'oa na kuyapanga ukutani. Aliniuliza kwa sauti yake ile ya chini, akiangalia viatu vyangu badala ya uso wangu, kama alivyofanya kila alipoomba jambo zito. Ningeweza kumwambia kwamba mimi mwenyewe nahusika na hilo linalozungumzwa, kwa hiyo watafute mtu mwingine. Wakalimani walikuwepo Stockholm, wa Kiswahili na wa Kifaransa, na ilikuwa kazi ya simu moja tu kumpata mmoja. Kjell asingekasirika. Angeitikia kwa kichwa, angeandika neno kwenye kijitabu chake na kuondoka. Lakini nilisema ndiyo, tena haraka, kwa sababu kabla hajamaliza swali nilikuwa nimekwisha kuona kwamba maneno ya Deo yangepita mdomoni mwangu kwanza.

Mwezi uliopita nilialikwa harusi Södertälje, ya binti wa Mrundi mmoja ninayesali naye. Deo alikuwa amekaa meza ya tatu kutoka yangu, nywele zimeanza mvi, miwani shingoni kwa kamba. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi. Nilikaa nikihangaika na kiti changu, nikainuka kwenda msalani ambako sikuwa na haja ya kwenda, nikarudi, nikainuka tena, mwisho nikaenda mezani kwake nikamwita jina. Alisimama. Adabu yake haijapungua hata kidogo: alinipa mkono wa kulia akiushikilia kiwikoni kwa wa kushoto, akaniuliza afya, akaniuliza kama nimeshastaafu. Kisha akamgeukia aliyekaa naye akasema, "Huyu tulifanya kazi naye zamani." Hakukuwa na hasira ndani yake. Nilirudi kwenye meza yangu na chakula kikanishinda, kwa sababu mtu huyo aliniita kaka mwaka mzima, na katika mji ule hakuna mwingine aliyeniita hivyo.

Mwaka wenyewe ulikuwa 2006. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, na sina haki ya kusingizia ujana. Nilitoka Mwanza na kidato cha nne na cheti cha ufundi bomba, na Uswidi nilikuwa na miaka kumi tayari, Kiswidi changu kikitosha kugombana nacho dukani. Kazi yetu mwaka ule ilikuwa kubadilisha mabomba ya majengo yaliyojengwa miaka ya sitini na sabini. Mnaingia jengo zima, mnabomoa bafu za nyumba moja juu ya nyingine, mnatoa mabomba yaliyooza ndani ya kuta na kuweka mapya, na wenye nyumba wanakwenda kuoga kwenye vibanda vya muda vilivyowekwa uani. Nyumba za watu zikiwa wazi namna ile unajua mengi usiyoulizwa. Unajua nani anaficha chupa nyuma ya tangi la choo na nani bado anaweka miswaki miwili ingawa anaishi peke yake. Kampuni ilikuwa ndogo, mwenyewe Kjell, mwanaume wa miaka hamsini na kitu, mrefu, asiyepaza sauti. Deo aliletwa kwetu Januari awe msaidizi wangu.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alikuwa injinia kamili, wa maji, amesoma chuo kikuu Bujumbura, na hapa shahada yake ilikuwa karatasi tu. Kulikuwa na chuo kimoja kilichokuwa kinachukua mainjinia wa kigeni kwa mwaka mmoja wa kuwanoa upya, lakini kilitaka barua ya mwajiri inayosema mwombaji amefanya kazi ya fani yake mwaka mzima na kazi yake ni ya kuaminika. Kjell aliahidi kumwandikia barua hiyo Desemba. Deo aliniambia siku ya pili tu, tukiwa tunashusha mabomba kwenye gari. "Kaka Magesa," alisema, "mimi natafuta barua moja. Bon, haya mengine yote, baridi, masinki, mgongo, ni ya njiani." Aliniita kaka tangu siku hiyo. Nilimwita mdogo wangu, na nilimaanisha.

Nilikuwa nimepanga chumba Norsborg, kwa mzee mmoja wa Kifini aliyekuwa akila viazi vya kuchemsha kila siku na kusikiliza redio ya kwao. Dirisha langu lilitazama pale inapoishia njia ya treni za mji wanayoiita nyekundu. Treni zilikuja, zikakaa dakika chache zikiwa tupu na taa zimewaka, zikarudi mjini. Mwaka ule sikuweza kutulia. Nilihamisha kitanda changu mara nne, ukutani, dirishani, mlangoni, tena ukutani. Jumamosi nilipanda treni mpaka mjini bila shughuli, nikashuka, nikapanda ya kurudi. Niliingia maduka ya Skärholmen nikashika mashati, nikasoma lebo zake, nikayarudisha. Nikijiuliza sasa kilichokuwa kinanisumbua, jibu si gumu. Nilikuwa nimewaandikia watu wa nyumbani kwamba mimi ni injinia Ulaya. Niliandika mara moja, kwa mzaha nusu, nao wakalishika. Hata kwenye simu walikuwa wakiniita hivyo: "Injinia, habari za huko?" Nami nilijibu.

Jumapili baada ya misa nilikuwa nakula kwa Deo, Skärholmen, ghorofa ya tatu. Meza yao ilikuwa na kitambaa cha plastiki chenye picha za malimau, na viti vitano ambavyo kila kimoja kilitoka mahali pake. Mkewe, Espérance, alinunua majani ya muhogo ya barafu kwenye duka la Wakongo na kuyapika na karanga mpaka nyumba nzima inanukia. Ubishi ulikuwa uleule kila wiki. "Sombe iko tayari, shemeji." Nami nasema, "Mimi naona kisamvu." Naye: "Kisamvu ni jina mlilompa huko ziwani. Sombe ndiyo jina lake la ubatizo." Deo anacheka mpaka anashika meza. Binti yao wa miaka sita, Ineza, akiulizwa kwa Kiswahili anajibu kwa Kiswidi, na mama yake anamwambia, "Mimi sikukuzaa kwa Kiswidi," naye mtoto anasema, kwa Kiswidi, kwamba anajua. Walikuja wageni pia, Wakongo, Warundi, siku nyingine Mkenya mmoja aliyekuwa muuguzi. Mpaka kahawa inapoisha, Kiswahili cha pale mezani kilikuwa kimepita nchi nne.

Nitaandika na hili, maana lilikuwa linanikaa moyoni. Wageni wale walimwita Deo Injinia. "Injinia, pitisha chumvi." Mimi waliniita Fundi. Hawakuwa na nia mbaya. Fundi ni jina la heshima, na ndilo lililokuwa jina langu. Lakini siku moja Mkenya yule aliniuliza, "Kwa hivyo, Fundi, wewe ndiye unamsaidia Injinia kazini?" Deo akawahi kusema, "Hapana, dada, mimi ndiye msaidizi wake. Huyu ndiye mkubwa wangu." Alisema kwa kunilinda. Nilitabasamu, nikaomba sombe tena, na njia nzima ya kurudi Norsborg nilisimama kwenye treni iliyokuwa na viti tupu.

Uswidi, kila fundi anajikagua mwenyewe. Wana karatasi ya kazi hiyo. Ukimaliza kazi unaandika ulichofanya, ulichopima na saa, unatia sahihi, na hakuna anayekuja nyuma yako kuhakikisha. Sisi tuliozoea msimamizi anayetusimamia kichwani tunaiona karatasi ile kama jambo la ofisini. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba kwao sahihi hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kwa kuwa cheti kilichotambulika kilikuwa changu, sahihi ilikuwa yangu, hata pale ambapo viungio vilibanwa na Deo. Deo alikuwa anaandika vipimo vyake pembeni, kwa Kifaransa, kwenye daftari la kijani la shule. Nilikuwa namtania kwamba anaandikia wajukuu. Na mwezi wa Aprili, wakati wa kahawa, Kjell aliniambia kwamba kazi ikienda bila kuchelewa mpaka mwisho wa mwaka, angehitaji msimamizi wa kudumu, na kwamba alikuwa ananifikiria mimi.

Ijumaa moja ya Mei tulikuwa tunapima presha ya mabomba mapya kwenye lango la nne la jengo. Unajaza maji, unapandisha presha, unafunga, unasubiri kwa muda wa saa mbili ukiangalia geji. Sindano ikibaki palepale, ukuta unafungwa. Mafundi wa kuta walikuwa wamekwisha kufika na mbao zao za jipsamu, wamekaa kwenye ngazi wanakula mkate, na wenye nyumba walikuwa wameahidiwa bafu zao wiki iliyofuata. Deo alifunga presha saa nane na dakika kumi. Saa tisa kasoro kumi alinijia jikoni mwa nyumba ya ghorofa ya tatu, nilikokuwa nafunga bomba la sinki.

"Kaka, geji inashuka."

"Imeshuka kiasi gani?"

"Kidogo. Upana wa sindano."

"Maji yametoka baridi nje, yanabadilika joto. Hilo nalo hulijui, injinia mzima?"

Hakucheka. "Joto likipanda, presha inapanda, kaka. Haishuki. Tufungue mabomba pale ghorofa ya tatu tuangalie. Labda kuna kiungio sikukibana vizuri."

"Tukifungua leo, hawa hawafungi ukuta leo. Wanaondoka mpaka Jumatano."

"Basi waondoke."

"Wewe ndiye utamwambia Kjell?"

"Wewe ndiye mkubwa. Lakini kama ni mimi, sifungi ukuta huu."

Nilikwenda nikaiangalia geji. Alikuwa sahihi, hata mtoto angeona. Niligonga kioo chake kwa ukucha, kama vile ni geji iliyokosea, kisha nikachukua karatasi nikaandika kwamba tumesubiri saa mbili kamili na presha haijabadilika, nikatia sahihi. Niliwaambia wale wa kuta waingie. Deo alisimama mlangoni na mashine ya kubania mkononi, akaiangalia karatasi, akaandika kitu kwenye daftari lake la kijani, na tukaenda kunywa kahawa. Jumapili iliyofuata nilikula kwake kama kawaida. Hakulitaja mbele ya mkewe, nami nilianza kuamini kwamba limekwisha.

Oktoba dari ya bibi mmoja wa ghorofa ya pili ilianza kuota doa la kahawia. Kabla hawajapata chanzo, maji yalikuwa yamekwisha kutembea ndani ya ukuta mpaka kwenye mbao za sakafu ya nyumba mbili. Walipovunja bafu ya ghorofa ya tatu walikuta kiungio kimoja kilichowekwa mahali pake lakini hakikubanwa. Kilikuwa kimeshikilia kwa raba yake tu miezi mitano. Bibi yule alihamishiwa kwa dada yake, na nilimwona siku alipoondoka, amevaa koti la sikukuu, amebeba saa ya ukutani mikononi. Kjell hakumlaumu mtu. Alisema kutakuwa na mkutano Jumanne na mwakilishi wa wenye jengo, kila mmoja aeleze, halafu wataona. Na kwa kuwa Kiswidi cha Deo bado kilikuwa cha darasani, akaniomba mimi.

Tulikutana kwenye kibanda cha kazi, tulimokuwa tunakulia chakula. Kulikuwa na thermosi mbili, bakuli la biskuti za mdalasini, na mwakilishi wa wenye jengo, mwanamke mwenye nywele za kijivu aliyekuwa anaandika kila kitu. Karatasi yangu ilikuwa mezani mbele yake. Alianza na mimi. Nilisema nilipima, presha ilisimama, nikatia sahihi. Hakuna aliyetilia shaka. Si kawaida yao kuitilia shaka sahihi. Kisha akamtazama Deo, akauliza taratibu, "Wewe ndiye uliyebana viungio. Unakumbuka nini siku ile?" Nikamtafsiria swali, sawasawa, neno kwa neno.

Deo aliweka daftari la kijani mezani, akalifungua. Alizungumza kwa Kiswahili akiniangalia mimi, kwa sauti ya upole. "Waambie presha ilishuka, kaka. Nimeandika hapa, saa tisa kasoro kumi. Waambie nilisema labda kuna kiungio sikukibana, na kwamba kosa hilo ni langu, nalikubali. Lakini waambie nilisema tufungue, na tusifunge ukuta."

Alinikabidhi ukweli wote, na sehemu yake mbaya akaiweka kwanza, kwa hiari yake. Nikamgeukia yule mama nikasema kwa Kiswidi: "Anasema huenda kuna kiungio ambacho hakukibana. Anasema kosa ni lake na analikubali." Nikaishia hapo. Kalamu yake ikaandika. Kjell aliangalia daftari, akauliza na hizo namba ni za nini. Nikasema ni kumbukumbu zake za masomo, kwa Kifaransa.

Nilidhani hakuelewa. Lakini miezi tisa ya darasa la jioni si bure, na niliona uso wake ulivyobadilika lile neno la masomo lilipotoka. Alifunga daftari. Alikuwa na Kiswidi cha kutosha kusema hapana, hiyo si kweli. Maneno yale anayajua hata Ineza. Hakusema. Yule mama alimuuliza kama ana la kuongeza, nami nikamtafsiria hilo pia, na Deo akajibu mwenyewe kwa Kiswidi, "Nej, tack." Hapana, asante. Wakamshukuru kwa uaminifu wake. Walimaanisha kabisa, na Kjell alimmiminia kahawa.

Tulitembea mpaka stesheni. Kwenye jukwaa treni ilikuwa imesimama milango wazi. Mimi ndiye niliyeanza, nikamuuliza kwa nini hakusema kama aliona nimekosea.

"Wewe hukukosea," alisema. "Ulitafsiri nusu."

"Ungesema basi. Kiswidi unacho."

"Ningesema nini, kaka? Mbele ya wale, nimwambie mkubwa wangu kwamba anadanganya? Nilikungoja. Nilidhani unavuta pumzi, halafu utamalizia."

Nilisema Kjell ni mtu mzuri, barua ataiandika tu, hawezi kuacha kuiandika kwa kiungio kimoja. Deo aliingia kwenye treni. Makao yangu yalikuwa kule kule Norsborg, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kupanda, na hakuniambia karibu kama siku nyingine alivyokuwa akisema. Alikaa upande wa pili wa behewa, mgongo kwenye dirisha.

Desemba Kjell aliandika barua, na ilikuwa barua ya haki kwa kadiri alivyojua. Ilisema Deo ni mwenye bidii, mwaminifu, anawahi kazini. Kuhusu kazi ya fani, ilisema bado anahitaji kusimamiwa kwa karibu. Chuo kilimkataa. Mimi nilipewa usimamizi wa kudumu wiki hiyohiyo, na koti lenye jina langu kifuani.

Jumapili baada ya hapo nilikwenda Skärholmen na mfuko wa machungwa. Ilikuwa saa tisa mchana. Espérance alifungua mlango kiasi cha bega lake. "Deo amelala, shemeji," alisema. Nyuma yake nilikuwa namsikia Deo, yu macho kabisa, anamfundisha Ineza kutoa kwa kukopa: tisa haiwezi kutoka kwenye nne, basi nenda kwa jirani. Espérance alijua ninasikia. Hakuona aibu, alinitazama tu, akingoja nione aibu mimi. Nilimwachia machungwa. Aliyapokea kwa mikono miwili, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, akafunga mlango polepole.

Wakahamia Södertälje mwaka uliofuata, Deo akaingia kiwanda cha malori, kwenye mstari wa kuunganisha, na huko ndiko alikobaki mpaka leo. Mimi nilikuwa msimamizi miaka kumi na saba. Kjell alikuwa mezani pake kila asubuhi kwa miaka kumi na moja kati ya hiyo, mlango wazi, na sikuwahi kuingia kumwambia karatasi ile ilikuwa na uongo wa nani. Mara mbili nilifika mpaka mlangoni, nikaulizia funguo za gari. Alipostaafu nilitoa hotuba. Sasa amefariki, na hakuna tena wa kumwambia ambaye neno langu lingebadilisha kitu kwake. Watu wa nyumbani bado wananiita Injinia. Kwa hesabu yangu, kazi ile niliipata, na nikaifanya vizuri, sikufunga tena ukuta wowote kabla ya zile saa mbili za kupima kuisha. Lakini mtu aliyesomea kazi ya maji, aliyeijua kuliko mimi na aliyekuwa tayari kubeba kosa lake mbele za watu, hakuwahi kuwa injinia katika nchi hii, na aliyemzuia ni mimi. Nami nilimpoteza ndugu pekee niliyempata Uswidi. Sikupata mwingine.